King'ora katika Mji wa Bibi

Miaka ile nilikuwa namtunza bibi mmoja wa miaka sabini na mbili kwenye ghorofa kuukuu la Weston, jijini Toronto, upande unaotazama mto Humber. Nilimwogesha, nikampikia uji, nikamsukuma na kiti chake cha magurudumu hadi dirishani. Alizaliwa katika mji mdogo wa pwani ya Alaska. Mama yake alikuwa mwenyeji wa pwani hiyo, wa watu wanaoitwa Waalutiiq. Baba yake alitoka katika ukoo wa Warusi waliofika huko zamani kuwinda wanyama wa baharini kwa ajili ya ngozi. Yeye aliolewa Toronto, na mumewe akamfia Toronto.

Daktari alipomwambia kwamba moyo wake umechoka, bibi alinigeukia ndani ya lifti tukishuka.

"Nataka kuwasha mshumaa kwenye kaburi la mama. Utanipeleka?"

Mume wangu hakupenda. "Akikufia kwenye ndege utafanyaje?" aliniuliza. Sisi tulitoka Uvira, kule Kongo, kwa miguu tukikimbia vita, na tangu hapo nilijiapiza kutokwenda mahali nisipojua njia ya kutokea.

Hata hivyo nilikubali, tukapanda ndege tatu. Ya mwisho ilikuwa ndogo, ya propela, na ilipita kwenye ukungu mzito. Nilimshika bibi kifundo cha mkono safari nzima nikisikiliza mapigo yake, mpaka vidole vikafa ganzi. Yeye alilala fofofo.

Mpwa wake, mvuvi mpole mwenye ndevu, alitupokea. Mji wenyewe ulikuwa barabara moja, nyumba za mbao, bandari ya mashua, na kanisa la Kiothodoksi lenye kuba la buluu. Kando ya barabara palikuwa na vibao vya tahadhari ya tsunami, vyenye picha ya wimbi na mtu anayekimbia kupanda mlima.

"Na wenye viti vya magurudumu?" nilimuuliza.

Akacheka. "Tunawasukuma."

Siku ya tatu mpwa alitushusha kwa gari makaburini, nyuma ya kanisa, karibu kabisa na maji, akaenda bandarini. Bibi aliwasha mshumaa ndani ya glasi chini ya msalaba wa mbao, akasema maneno machache kwa lugha ya mama yake. Ndipo ardhi ikaanza kutikisika. Kwanza nilidhani ni miguu yangu. Kisha kengele ya kanisa ikalia yenyewe, na mtikisiko haukutaka kwisha. Ulipokwisha, king'ora kikaanza, na sauti ya kipaza sauti ikawaamuru watu wote wapande juu, shuleni.

Nilisukuma kiti kwa nguvu zangu zote. Njia ilikuwa ya changarawe, na magurudumu ya mbele yakazama.

"Niache hapa," bibi akasema. "Mama yuko hapa. Wewe una watoto."

Nikamwacha.

Baadaye nilijiambia kwamba nilikwenda kutafuta msaada. Si kweli. Nilikimbia. Nilipita nyumba mbili, labda tatu, nikipumua kwa mdomo, bila kumfikiria mtu yeyote, hata wanangu. Kilichonisimamisha ni kwamba hakuniita. Nilikuwa nasubiri aniite, na hakuita. Nikageuka. Alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani, akinitazama.

Nilirudi mbio na kukuta amefunga breki.

"Toa breki, bibi!"

"Nenda, mwanangu."

"Toa breki!" Sijawahi kumfokea mtu mzima hivyo, kabla wala baada. Akatoa. Nikageuza kiti, nikakivuta kinyumenyume huku visigino vikichimba kokoto, hadi mwanamke mmoja mwenye pikapu akasimama na kunisaidia kumpandisha.

Pale shuleni tulingoja saa mbili. Watu walikunywa chai na kugawana samaki mkavu. Mpwa alifika akihema, akamkumbatia shangazi yake. Nilisimama dirishani nikiitazama bahari iliyotulia kabisa, na utulivu ule ulinitisha kuliko king'ora. Mwishowe wakatangaza kuwa wimbi limeshapita, kimo chake kama shubiri moja, na hakuna aliyeumia. Wengine walipiga makofi. Mimi niliondoka dirishani.

Nikarudi kwa bibi, nikapiga magoti mbele ya kiti. "Bibi, nilikukimbia."

"Nilikuona," akasema. "Nilikuwa nakuombea ufike."

Aliomba chai nyingine, yenye sukari.

Wiki ilipokwisha alisema harudi tena Toronto, atakaa kwa mpwa wake. Nilipanda ndege peke yangu. Nilimsimulia mume wangu habari za kanisa na samaki na mtikisiko, lakini zile nyumba mbili tatu nilizozipita nikikimbia sikuzitaja. Kwa miezi mingi simu ikilia nilishtuka, nikidhani kuna mtu aliyeniona.

Kabla theluji haijayeyuka mpwa alipiga simu kusema bibi ameaga dunia kitandani mwake, bila maumivu.

"Alikusifu sana," akaniambia. "Alisema siku ile ya king'ora hukuuachia mkono wake hata mara moja."

Nilikuwa nimesimama jikoni. Nilitaka kumwambia ukweli. Nilifungua kinywa, nikamwambia asante, nikampa pole, kisha nikakata simu.