Flashi Niliyoichomoa kwa Mama Neema

Mnisamehe mwandiko na makosa. Niliishia darasa la saba na naandika polepole.

Kompyuta ya steshenari ya Mama Neema, ninapofanya kazi hapa Miyuji, ni kuukuu na memori yake ndogo. Alitaka kuitupa. Nikaiwashia Linux nyepesi, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye flashi, ikafunguka upesi, nikajisifu kwamba nimeiponya.

Jana nilimchapia mwalimu mmoja barua ya kuomba uhamisho. Akanipa flashi yake nimwekee barua aondoke nayo. Tundu zima la flashi ni moja tu, nikachomoa yangu. Kioo kikaganda, barua ikapotea. Linux yote ilikuwa kwenye flashi. Ndani ya kompyuta sikuwa nimeweka kitu.

"Daktari," akasema Mama Neema, "kumbe mgonjwa wako alikuwa anapumulia mashine."

Amenipa siku mbili kabla hajaitupa. Anayejua kuiweka Linux ndani ya kompyuta aniandikie; siiachi.