Jinsi herufi Y ilivyokaribia kuninyima promotion chuoni

Habari zenu wakuu. Leo nimeamua kutoka kwa kundi la wasomaji kimya. Chumvi nimeiacha jikoni, haya yote yalinipata mimi mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu kimoja huku upande wa Eldoret. Naishi Kesses, katikati ya nyumba za wanafunzi na mashamba ya mahindi. Jina silitaji. Jueni tu linaanza na Y, maana hiyo Y ndiyo kesi yenyewe.

Nimekuwa lecturer miaka mingi mpaka wengine niliowafundisha first year sasa ni walimu wenzangu. Mwaka huu nikaomba kupanda cheo niwe senior lecturer. Nikiambiwa hapana, ni kungoja mpaka nafasi zitangazwe tena, na hizo nafasi huja kama mvua ya Januari.

Kuna jambo lazima niwaeleze kwanza.

Kwetu mtu hupandishwa kwa points. Ukiandika paper ya utafiti peke yako, points ni zako zote. Mkiandika wawili, yule ambaye jina lake limetangulia ndiye huhesabiwa mwenye kazi. Wa pili anaokota makombo.

Kwa wenzetu wa kilimo hiyo ni haki, maana jina la kwanza ni la yule aliyeshinda shambani akipima udongo. Lakini sisi watu wa hesabu desturi yetu ni kupanga majina kwa alfabeti. Basi. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo.

Na mimi karibu kila paper nimeandika na rafiki yangu, tumuite Chege. Tulisoma pamoja, tunafundisha pamoja, na Jumamosi tunatembea msitu wa Kaptagat tukibishana hesabu huku wakimbiaji wakitupita kama tumesimama.

Yeye ni C. Mimi ni Y. Mnaona shida ilipo.

Chege alishapanda cheo zamani. Nilifurahi, mbuzi tukala. Wivu ulikuja baadaye kidogo, siwezi kuwadanganya.

Siku ya interview nikavaa suti ya harusi yangu, ambayo siku hizi inanibana tumbo, nikaingia. Mwenyekiti wa panel alikuwa profesa wa kilimo, mzee mpole lakini mwenye macho ya mnunuzi wa ng'ombe. Akapitia papers zangu moja moja.

"Daktari, mbona kila mahali wewe ni wa nyuma? Huyu Chege ndiye anakubeba?"

Kabla sijajibu, mama mmoja profesa wa kemia akaingilia.

"Chair, hapana. Kwetu kemia jina la mwisho ni la mwenye lab. Huyu ndiye boss. Huyo Chege lazima alikuwa student wake. Hapa hata tunafaa kumuongezea points!"

Wengine wakaanza kuitikia, eeh, kweli, hata kwetu ni hivyo.

Wakuu, promotion ilikuwa imeletwa mezani ikiwa moto, kilichobaki ni kunawa mikono. Ningenyamaza tu. Hata uongo nisingekuwa nimesema.

Lakini nikamfikiria Chege akisikia kwamba alikuwa mwanafunzi wangu. Nikaona siwezi.

"Asante Prof, lakini mimi si boss wa mtu. Sisi hata lab hatuna, ni karatasi na kalamu. Majina huwa tunapanga kwa alfabeti. Chege ni C, mimi ni Y."

Mwenyekiti akavua miwani.

"Kumaanisha huyu Chege tulimpandisha cheo juu ya alfabeti?"

Hapo nilitamani ardhi inimeze. Nilikuja kujitetea, sasa nimemtia rafiki yangu mashakani! Nikaanza kuongea mbio mbio. Nikawaambia Chege alistahili kabisa, na ile paper yetu kubwa yeye ndiye aliyeona njia. Tulikuwa kwa baba yangu huko Moiben tukipukuchua mahindi, tumekwama kwa hiyo hesabu wiki nyingi, Chege akasimama na gunzi mkononi akasema tuanzie mwisho turudi nyuma. Hiyo ndiyo iliyofungua kazi yote.

"Ngoja tumpigie," mwenyekiti akasema.

Akaniashiria ninyamaze, akaweka simu loudspeaker. Hakumwambia kwamba niko hapo.

"Dr. Chege, ile paper kubwa uliyoandika na rafiki yako wa Y, sema ukweli, nani aliona njia?"

Chege hakujua tumefikia wapi wala anatakiwa kusema nini.

"Ai, Prof, hiyo ni yeye! Tulikuwa kwao Moiben tukipukuchua mahindi, akasema tuanzie mwisho turudi nyuma. Mimi nilikuwa tu wa kuandika. Kwani ako na shida? Mwambie anipigie."

Panel nzima ikaangua kicheko. Mama wa kemia alikuwa akipangusa machozi.

"Kwa department yangu," mwenyekiti akasema, "watu hupigania jina la kwanza mpaka wanaacha kusalimiana. Nyinyi mnasukumiana!"

Wakuu, nilipanda. Chege hakuguswa. Na panel ikapeleka pendekezo juu, likapita: watu wa hesabu wakiandika pamoja, points wanagawana sawa. Kuna dada kwa department yetu ambaye jina lake linaanza na W, alinikumbatia kwa korido mpaka vitabu vikamwanguka.

Somo langu ni hili. Sheria ya kupima kazi iandikwe na watu wanaojua hiyo kazi hufanywa aje. Na watu wakikuelewa vibaya kwa faida yako, wasahihishe haraka kabla hujazoea utamu.

Jioni hiyo Chege alikuja kwangu na kilo za nyama. Nikamuuliza mbona alisema njia niliiona mimi.

"Si ni wewe?"

"Ni wewe, bwana!"

Tulibishana mpaka mke wangu akatuambia nyama inapoa. Mpaka leo hakuna anayekubali, na nimeacha kutafuta jibu, kwa sababu nimegundua nina rafiki anayekumbuka mazuri yangu kuliko mimi mwenyewe.

Haya, nyinyi huko makazini hupimwa kwa nini? Na nani amewahi kusifiwa kwa kazi ya mwenzake, akafanya nini? Uwanja ni wenu, wenye majina ya A mje pole pole.