Sahihi ya Meneja

Kaka yangu wa pili tulimwita Meneja kwa sababu hakukubali kazi ya mtu kabla hajaikagua. Katika chumba cha udobi cha mama, yeye ndiye aliyekunja mashuka ya nyumba za wageni. Shuka kubwa linataka watu wawili. Meneja alishika ncha mbili, akakupa wewe mbili, mkavuta, mkakutana katikati. Ukikosea pembe alikurudisha mwanzo bila kusema neno. Tulilalamika sana, lakini sijaona mteja aliyerudisha shuka lake.

Alikuwa na miaka saba homa ya uti wa mgongo ilipompata. Ilimwachia mwili, ikaondoka na mengine. Sasa ana thelathini na tisa, na miaka yote hiyo mama hakutaka watu walijue hilo. Alimfundisha adabu kama anayemwandaa balozi: amkia, taja jina lako lote, sema leo ni siku gani, tabasamu, nyamaza. Kutia sahihi kulimchukua miaka minne. Ikatoka sahihi yenye mkia mrefu, nzuri kuliko yangu mimi niliyejidai kusoma. Wageni walikaa naye robo saa wakaondoka wakisema, "Mwanao ni mpole sana." Mama aliishi kwa maneno hayo wiki nzima.

Sahihi hiyo ndiyo iliyotuponza. Baba alipofariki, jengo la udobi na chumba cha nyuma anamolala Meneja aliviacha kwa jina la Meneja, asije akakosa pa kuweka ubavu. Mwaka jana kaka yetu mkubwa alimletea karatasi na chupa ya soda. Meneja akanywa soda, akasaini. Karatasi ilisema amempa kaka jengo lote kwa hiari yake. Habari zilimfikia mama wakati daktari ameshamwambia kwamba moyo wake hauna safari ndefu.

Mwanasheria alitueleza kwamba njia ni moja tu. Mahakama itamke kuwa Meneja hana uwezo wa kujiamulia mambo, tangu utotoni, na imteue mlezi wa kisheria. Hapo ile sahihi itakuwa si kitu. Mlezi ningekuwa mimi. Lakini mahakama ikimwona ana uwezo wake, karatasi inasimama, na siku mama akifumba macho Meneja yuko nje.

Asubuhi ya kesi mama alimnyoa mwenyewe, akamvalisha suti ya baba. Nilimsikia akimkaririsha kitu chumbani. Sikujali, maana ndio wimbo wa nyumba yetu.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni inalia juu ya vichwa vyetu. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alimwita Meneja mbele.

"Shikamoo, mheshimiwa," Meneja akawahi.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

Akataja majina yake yote matatu.

"Leo ni siku gani?"

"Leo Jumatano."

Ilikuwa Jumatano. Kaka mkubwa, benchi la mbele, akakunja mikono na kuegemea. Hakimu akampa Meneja kalamu, naye akatia sahihi, mkia na yote, kisha akatabasamu na kunyamaza.

Damu ilinichemka, Mungu anisamehe, na si kwa hakimu wala kwa kaka, bali kwa mama. Kaja kuomba mwanawe atamkwe hawezi, na kamleta amepigwa pasi mpaka rohoni.

"Mimi namwona mtu mzima anayejieleza vizuri," hakimu akasema. "Mama, maombi haya ni yako. Nieleze ni kitu gani hawezi."

Mama akasimama, akashika benchi. Meneja akamgeukia akingoja kusifiwa, maana kila alipomaliza somo lake alisifiwa.

"Mwanangu ni mpole sana," mama akasema, akakaa.

Hakimu akaanza kuandika. Niliitazama ile kalamu ikienda, nikasimama bila ruhusa.

"Mheshimiwa, muulize kesho ni siku gani."

"Na wewe ni nani?"

"Mdogo wake. Tafadhali muulize."

Akamuuliza. Meneja akafikiri sana. "Leo Jumatano," akasema.

"Muulize amesaini nini hapo."

"Jina langu," Meneja akajibu bila kungoja.

Niliendelea, kwa sababu ningenyamaza nisingeanza tena. Nilisema hawezi kuvuka barabara peke yake. Nilisema waangalie mkono wake wa kushoto, pasi imemuunguza mara tatu pahali pale pale. Nilisema mama bado anamwogesha, na akiumwa hawezi kuonyesha anapoumwa. Niliyasema haraka haraka kama ninayehesabu nguo za mteja, naye Meneja yuko hatua tatu kutoka kwangu. Tabasamu lake likaondoka taratibu. Miaka thelathini na miwili hakuna aliyewahi kumwambia hayo.

Hakimu aliisoma upya ripoti ya daktari aliyempima Meneja, iliyokuwa ndani ya jalada. Alasiri akatamka kwamba Meneja hana uwezo, mlezi ni mimi, na ile karatasi ni batili. Kaka mkubwa akatoka bila kutuaga. Nje, mama alinishika mkono.

"Asante, mwanangu," akasema. "Ila ungeomba wamtoe nje kwanza, asisikie."

 

Tuliporudi mashuka yalikuwa yamekauka. Meneja akavua koti la baba, akalitundika, akachukua shuka la kwanza. Nikanyoosha mikono kupokea ncha zangu. Hakunipa. Alijaribu kulikunja peke yake, likaburuta sakafuni. Akalikung'uta, akaanza upya, likaburuta tena.

"Mwache," mama akasema kutoka kitini.

Kisheria sasa naweza kumsainia, kumpeleka hospitali, hata kumchagulia pa kulala. Nilisimama pale, mikono mbele, nikingoja anipe ncha.