Siku Walipozima Taa za Wodi

Wodi nzima ilimwita Mama Pumua, na hata daktari mkuu alijisahau mara kadhaa akamwita hivyo mbele ya wageni. Alikuwa mkunga. Mama akishikwa na uchungu akaanza kukaza meno, sauti yake ilisikika mpaka getini: "Pumua, mwanangu! Pumua! Wewe si wa kwanza na hutakuwa wa mwisho!" Wazazi walimchukia kwa saa chache, kisha wakiruhusiwa kwenda nyumbani walimshika mkono wakashindwa kuuachia.

Ukunga hakuusomea kwao. Alipelekwa nchi nyingine ya bara hilihili, na huko hakuelewa hata salamu. Alikuwa amefungasha nguo zake pamoja na maneno ya mtaani kwao, kwamba watu wa huko ni wavivu na wanapenda ugomvi. Mjane aliyempangisha chumba aliamka kabla ya jogoo na hakuwahi kupaza sauti. Naye mjane siku moja alimuuliza, kwa aibu kidogo, kama ni kweli kwao watu hawaogi msimu wa baridi. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Alirudi na cheti, lugha ya tatu, na tabia ya kumkatiza mtu yeyote aliyeanza sentensi kwa "sisi Waafrika". Alikuwa anauliza, "Sisi gani?"

Wodi yake ilikuwa na vigae vyeupe hadi kiunoni na rangi ya kijani juu yake. Karibu na dirisha zilikaa mashine mbili za kuwapa joto watoto njiti. Mashine zile zilimzeesha. Alizunguka ofisi hadi ofisi, akakaa kwenye mabenchi, akaambiwa na makarani arudi kesho, akarudi kesho. Zilipofika alizifuta vumbi mwenyewe na hakutaka mtu aziguse bila kunawa.

Ndipo wakaja watu wa filamu. Walitumwa na shirika la ng'ambo, na kiongozi wao alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye kuomba samahani kabla ya kila neno. Alizunguka wodi akitazama vitanda, vigae, mashine. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyefika dukani akakuta hawauzi alichofuata.

"Samahani sana," alisema, "hizi mashine zinaweza kuondolewa kidogo?"

"Ziende wapi? Hii ina mtoto ndani."

"Basi hiyo isiyo na mtoto. Na taa tuzizime. Watu wa kwetu wakiona haya yote, hawataelewa kwamba Afrika inahitaji msaada."

"Afrika ndiyo nani?" Mama Pumua aliuliza. "Hapa ni wodi ya wazazi. Tunahitaji glavu na mkunga mwingine wa zamu. Sema hivyo."

Yule bwana alitabasamu kama anayemsikiliza mtoto akihesabu. Daktari mkuu akamvuta mkunga wake pembeni. "Mama, tafadhali. Wageni hawa wakiondoka wamenuna, hatutapata hata pamba."

Kwa hiyo mashine moja ikasukumwa nyuma ya pazia, nyingine ikafunikwa shuka upande unaoelekea kamera, taa zikazimwa mchana kweupe. Ikabaki kumpata mama wa kupigwa picha. Karani wa benki aliyelala kitanda cha mlangoni alisema hapana, tena kwa hasira. Wa pili alisema baba mkwe wake atamla nyama. Mama Pumua akageuka kumtazama mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa msusi mwenye saluni yake mwenyewe, mwanamke wa kucha nyekundu na maneno mengi. Alikuwa amejifungua jana yake mtoto wa kiume, mnono, aliyetoka analia kama anadai haki. Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimmiminia chai.

"Dada, mimi sitaki," msusi alisema. "Nitazame nywele zilivyo. Wateja wangu wakiniona hivi nimekwisha."

"Ni kidogo tu, mdogo wangu. Kwa ajili ya wodi."

"Wodi si mama yangu."

"Basi kwa ajili yangu."

Msusi alimtazama dada yake, akavuta pumzi, akampa mumewe kikombe.

Walimfuta rangi ya kucha kwa spiriti. Walimketisha kwenye sakafu ya stoo, mahali pekee pale hospitalini ambapo ukuta ulikuwa umebabuka. Fundi aliombwa asogee, halafu asogee tena, mpaka akajikuta nje ya mlango na chupa yake ya chai. Mtoto alikuwa ameshiba na kulala, wakasubiri aamke alie. Wakamwambia msusi aongee lolote kwa lugha yake. Akasema huyu ni mtoto wake wa kwanza, amepokelewa na dada yake, na kwamba sakafu ni baridi, wamalize upesi.

Filamu ilirudi kwenye simu ya mteja. Msusi alikuwa anamsuka binti mmoja, na yule binti akasema, "Dada, huyu si wewe?" Sauti nzito ilikuwa inasema kwamba kote Afrika wanawake huzaa gizani, peke yao, na kwamba mama huyu amekimbiwa na mumewe na hajui kama mwanawe ataiona kesho. Pale alipolalamikia sakafu, maandishi chini ya picha yalisema: *Nawaomba, msituache tufe.*

Jioni ile mama mkwe alifika bila hodi. "Mwanangu amekukimbia lini? Mbona mimi sikuambiwa?" Msusi alieleza, akaapa, akalia. Yule mama alisikiliza, akasema, "Mdomo ulioonekana ukifunguka ni wako." Kazini kwa fundi mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa sababu yalikuwa ya kuchekesha. Mafundi wenzake walimpachika jina Mtoro. Akichelewa chakula cha mchana: "Mtoro katoroka." Akirudi: "Mtoro kaona haya." Alicheka nao wiki za mwanzo. Baadaye akaacha kucheka, kisha akaacha kula nao.

Mama Pumua alimpigia simu yule bwana mpole. Hakukana chochote. Alisema filamu imegusa mioyo mingi.

"Mmesema uongo juu ya ndugu yangu. Mumewe alikuwepo! Wewe ndiye uliyemtoa nje!"

"Samahani sana. Lakini elewa, filamu haimhusu yeye hasa. Inahusu bara zima."

"Sasa bara zima ndilo livae sura ya mdogo wangu?"

Aliomba samahani tena. Filamu ikaendelea kuonyeshwa.

Mwaka haukuisha, fundi akapata kazi mji wa mbali, akaikubali bila hata kuuliza nyumba ya kuishi itakuwaje. Msusi alifunga saluni. Mama Pumua alimkuta akifungasha vioo kwa magazeti.

"Mdogo wangu, niseme nini?"

"Usiseme. Angekuwa mtu mwingine ameniomba, ningekataa." Akaendelea kukunja magazeti.

Msaada ulifika, tena kwa sherehe na kibao cha shaba. Ilikuwa mashine ya watoto njiti, ya zamani kuliko zile zilizofichwa, na plagi yake haikuingia kwenye soketi yoyote ya hospitali. Fundi umeme alipoilazimisha ikatoa moshi. Ikawekwa kwenye korido, wakawa wanapangia juu yake maboksi ya sabuni. Glavu hazikuja.

Miaka ilipita, likaja kundi jingine. Safari hii kiongozi alikuwa msichana mchangamfu, mwenye nia njema kabisa. Alisema amechoshwa na picha za huzuni, anataka dunia iione Afrika ya furaha, Afrika inayocheza. Aliomba wauguzi wapige makofi na kuimba. Asubuhi ile wodi ilikuwa imempoteza mtoto, na mama yake alikuwa bado yupo kitanda cha mwisho.

"Leo hapana," Mama Pumua alisema.

"Tabasamu tu, mama! Watu wetu hawajawahi kuona mnavyofurahi hapa!"

"Wenzako walikuja tukiwa tunacheka, wakataka tulie. Wewe umetukuta msibani unataka tucheke. Lini mtakuja mtuulize habari za asubuhi?"

Msichana alikwenda kushtaki. Daktari mkuu alimhamishia Mama Pumua kwenye dawati la kugonga mihuri kadi za kliniki, kwa kosa la kuwakosea wageni adabu, na huko ndiko alikomalizia utumishi wake.

Akiwa dawatini hapo, mama yao alimpigia simu. Mdogo wake amejifungua mtoto wa pili, huko aliko, kwa mkunga mwingine. Hakuwa amemwambia dada yake kwamba ni mjamzito.

"Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Alikuja vizuri? Uzito wake je? Alilia mara moja?"

"Mimi sikuuliza, mwanangu," mama alisema. "Alinikataza nisikwambie. Nimeshindwa tu kunyamaza."

Mbele ya dawati mjamzito mmoja alikuwa amenyoosha kadi yake, anasubiri. Mama Pumua aliipokea, akaigonga mhuri kichwa chini, akamrudishia.