Sanduku Tulilolifanya Kiti

Wenzangu wa baraza, ile beringi imetoka leo. Imechukua dakika tano tu.

Mnaijua. Ya trekta la bonde la mpunga la Cheju, iliyoganda kwenye shafti ya nyuma.
Siku mbili tumeigonga kwa nyundo na patasi.
Jana kibanzi cha chuma kiliruka kikamwingia jichoni shemeji yangu Haji. Hospitali wameshasema, jicho lile basi tena.

Asubuhi nlikuwa natafuta mbao za kuegemezea trekta. Nikalivunja sanduku.
Naam, lile lile tunalolikalia gerejini tukinywa kahawa. Lilikuja melini pamoja na trekta. Tulisema ni vyuma vya akiba, tukalitandika gunia.

Ndani mlikuwa na pula, kile chombo cha kuvutia beringi. Makucha matatu, skrubu ndefu katikati, grisi ya kiwandani bado imeigandia.
Nikaifunga kwenye beringi, nikazungusha spana. Ikatoka, wala haikupiga kelele.

Sikufurahi. Sikulia. Nlinawa mikono.

Mchana akaja Haji, bendeji usoni, kashikwa mkono na mkewe.
"Imetoka?"
"Imetoka."
"Mmeitoaje?"
"Imelegea yenyewe," nikasema. "Nyundo zako za jana ndizo zilizoilegeza."
Akacheka. "Nlikwambieni mimi!"
Halafu akageuka atafute pa kukaa.
"Ah! Sanduku letu mmelipeleka wapi?"

Ipitisheni karatasi hii, ila isimfikie yeye. Andikeni hapo chini, nimwambie nini?