Milioni Moja na Moja

Msichana wa darasa la sita, nililokuwa nikilifundisha hesabu, alinifuata barazani pa skuli yetu ya Ng'ambo, karatasi ya mtihani wa hesabu mkononi. Swali la mwisho liliuliza kama 1,000,001 ni namba tasa. Alikuwa ameandika "siyo", na chini yake kuna mkasi mwekundu, alama ya kukosa.

"Mwalimu, nimeigawa kwa mia na moja. Hakikubaki kitu."

Nilipiga hesabu palepale. Mia na moja mara elfu tisa mia tisa na moja: milioni moja na moja, kamili. Mtoto alikuwa amejaribu namba tasa ishirini na tano, moja baada ya moja, zote zikamgomea. Ya ishirini na sita ikakubali. Na kapewa sifuri.

Nilikwenda chumba cha walimu. Aliyetunga mtihani na kuusahihisha, kiongozi wa walimu wa hesabu, alikuwa anakunywa chai na wenzetu wanne.

"Swali lako lina kosa," nikamwambia.

"Ile ni tasa. Nshaijaribu. Saba inabakisha mbili, kumi na moja mbili, kumi na tatu mbili."

"Ukaishia hapo?"

Alitabasamu. "Bibi, habari za tasa nakuachia wewe."

Wakacheka. Miaka kumi na moja nimo katika ndoa, sina mtoto, na hakuna asiyejua pale skuli. Masikio yaliniwaka. Nilichukua chaki, nikafuta ratiba ya zamu ubaoni na kuigawa ile namba hatua kwa hatua mpaka sifuri.

"Haya, tumekuona," akasema. "Alama zishaandikwa."

"Zitafutwa."

Nilivuta bunda lote la karatasi za mtihani lililokuwa mezani pake, nikaketi mbele yake na kusahihisha upya lile swali, mtoto mmoja mmoja. Watatu walikuwa wamepata. Yule msichana peke yake ndiye aliyeonyesha njia.

Kesho yake mwalimu mkuu aliniita. Alikubali alama zibadilishwe, kisha akanitaka nimwombe radhi mwenzangu kwa kumfedhehesha mbele za watu.

"Na mimi nilifedheheshwa mbele ya nani?" nikamuuliza.

"Bibi, ule ulikuwa mzaha tu."

Sikuomba radhi. Muhula uliofuata niliondoshwa kwenye hesabu za darasa la sita, nikapelekwa darasa la pili kufundisha kusoma. Barua haikutaja sababu.

Aliyetunga mtihani simshangai. Nnaowashangaa ni waliocheka, maana wawili kati yao walikuja nyumbani kwangu kunipa pole kila mimba ilipotoka. Walikaa mkekani, wakanishika mkono, mmoja akalia. Wananisalimu kila asubuhi na mimi nnawajibu. Sijawasamehe, na sijaribu.