Siku Mama Alipomkimbilia Mgeni

Harufu ya jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago, likilowa maji hunirudisha Tabaka, kule Kisii, uani kwetu, miaka ya tisini. Akina mama wameketi juu ya majani ya migomba wakisugua vinyago kwa msasa, vumbi jeupe limewafika hadi kwenye nyusi. Mimi nilikuwa darasa la nne, na kwa kuwa mwalimu alikuwa amesifu Kiingereza changu, nyumbani nilijiona mtu mkubwa.

Siku moja akaja mzungu mrefu, mnunuzi. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimekaa muda mrefu bila kuuza, kwa hiyo wote walinyoosha mgongo. Nikasukumwa mbele niwe mkalimani. Mgeni akauliza kwa upole, "Who runs this group?"

Neno run nililijua vizuri. Mwalimu alitufundisha kwa kutukimbiza uwanjani. Nikageuka, nikawaambia kwa Ekegusii, lugha yetu, kwamba mgeni anauliza ni nani hukimbia katika kikundi hiki.

Wakatazamana. Mmoja akasema labda mzigo utapelekwa mbio. Mwingine akaangua kicheko, wengine wakafuata, na mimi nikahisi masikio yakiwaka moto. Hapo mama yangu akaweka chini kiboko wa jiwe aliyekuwa akimsugua, akakaza leso kiunoni, akatoka mbio hadi kwenye mpera na kurudi, kandambili moja ikabaki njiani.

Mgeni akapiga makofi bila kuelewa. Kisha akajaribu neno jingine: leader, yaani kiongozi. Hilo pia nililijua. Nilipouliza, vidole vyote vikamwelekea mama, ambaye bado alikuwa akihema. Mgeni alicheka hadi akaketi juu ya jiwe, na alipoinuka akaagiza viboko, twiga na vinara, kazi ya msimu mzima.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile tulikosea pamoja, mimi na mama. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kabla ya kuolewa alifanya kazi mjini Kisii, katika duka la familia ya Kihindi, na mwenye duka alipenda kuwaambia wageni kwa Kiingereza, "I run this shop," yaani ndiye anayeliendesha, huku ameketi kitini tangu asubuhi.

Nikamuuliza basi kwa nini alikimbia.

"Mtoto akichekwa peke yake hufunga mdomo," akasema. "Nami nilitaka uendelee kusema."